Mahari Ndani ya Kasha la Viatu

Gathogo alifika langoni kwa wakwe zake huko Bungoma akiwa amebeba mahari yote ndani ya kasha la viatu.

Uani kulikuwa na banda jipya la mabati la kuegeshea gari, lililojengwa wiki hiyo hiyo. Kina mama walikuwa wamejipanga na matawi mikononi. Khisa, baba mdogo wa bi harusi, alikuwa amevaa miwani ya jua na glavu za dereva, ingawa katika maisha yake alikuwa ameendesha trekta tu, tena mara moja, tena hadi mtaroni.

"Gari iko wapi?" Khisa aliuliza akichungulia barabarani.

"Iko karibu, baba."

"Ati karibu? Ama imekwama kwa matope?"

"Haijakwama."

Hakusema uongo. Gari lilikuwa karibu sana. Lilikuwa kwapani.

Mambo yalikuwa yameharibika wiki tatu nyuma, siku ya mazungumzo ya mahari. Gathogo alikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitale. Jioni, nyumbani kwake Kibomet, aliunganisha vigari vya plastiki: mifano ya magari ya Marekani ya miaka ya sitini, yale yaliyoshindana mawili mawili kwenye barabara iliyonyooka, na kufumba na kufumbua mbio zimekwisha. Vigari hivyo vilikuja vipande vipande. Yeye alivipaka rangi, akavibandika kwa gundi, akavipanga rafuni, kisha akaketi kuvitazama na roho yake ikatulia. Alikuwa navyo ishirini na sita, na hakuna hata kimoja ambacho kingeweza kubeba panya.

Siku hiyo ya mazungumzo, Khisa aliuliza kijana anafanya kazi gani. Mzee Muigai, msemaji wa kina Gathogo, aliona ukarani pekee hautampatia mtu mke.

"Huyu anaunda magari," alisema. "Na mikono yake mwenyewe."

Akaichukua simu ya Gathogo, akaonyesha picha ya gari jekundu. Ilikuwa imepigwa kutoka chini kabisa, gari likiwa juu ya saruji ya baraza, jua likiwaka kwenye boneti. Ungeapa linanguruma. Gathogo alifungua kinywa ili aeleze. Muigai alimkanyaga mguu.

Simu ikazunguka hadi kwa Mzee Wekoye, baba wa msichana. Huyu alikuwa hedimasta mstaafu, na wanafunzi wake wa zamani, wenye wajukuu sasa, bado walitupa sigara wakimwona. Aliitazama picha mpaka chai yake ikapoa.

"Rangi ulipuliza ama ulipaka na burashi?"

"Nilipuliza, baba."

"Mara ngapi?"

"Nne."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Kisha akatoa neno ambalo hakuna aliyelitarajia: wale ng'ombe kumi na watatu wa desturi wabaki huko huko Kitale. Yeye atatosheka na hilo gari jekundu.

"Ulilete mwenyewe," alimwambia Gathogo. "Kwa mkono. Usitume mtu."

Khisa aliandika hati mbio mbio kabla ndugu yake hajabadilisha nia, na pande zote mbili zikatia sahihi.

Nasimiyu, bi harusi mwenyewe, alicheka siku mbili aliposikia. Siku ya tatu alilia.

"Baba hajawahi samehe mtu uongo," alisema. "Enda umwambie ukweli wewe mwenyewe. Lakini akikufukuza, mimi siwezi olewa bila baraka yake."

Tangu hapo Gathogo hakulala vizuri. Alimpenda Nasimiyu kuliko vigari vyote ishirini na sita, na alikuwa amejiuliza swali hilo kwa dhati.

Sasa Mzee Wekoye alitoka nje, akaliona kasha. Hakuuliza lolote kuhusu gari. Alimshika Gathogo mkono, akamvuta hadi chumba cha kulala na kufunga mlango kwa komeo. Nyuma yao watu walishika vinywa. Kwa Wabukusu, mkwe haingii chumba wanacholala wazazi wa mkewe, hata nyumba ikishika moto.

Nimekwisha, Gathogo aliwaza. Amenileta hapa anichape bila mashahidi.

"Baba, nisamehe," alianza. "Ile gari ya kwa picha ni…"

"Fungua."

Alifungua. Mzee aliliinua gari kwa vidole viwili, akalipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaligeuza huku na huku. Gathogo alifumba macho, akangoja.

Akasikia kitu kikiburutwa. Alipofumbua macho, Mzee alikuwa amepiga magoti, akivuta sanduku la bati kutoka mvunguni mwa kitanda. Alilifungua kwa ufunguo alioutundika shingoni. Ndani mlikuwa na vigari kumi na vinne, kila kimoja kimelazwa ndani ya soksi.

"Hili jekundu nimelitafuta miaka sita," alinong'ona. "Mama Nasimiyu anadhani humu kuna hati za shamba."

Mlango ukagongwa. Kina mama walikuwa wameanza kuimba.

"Wekoye," Khisa aliita, "si mnipatie ufunguo ya gari, bana. Mimi niko tayari."

Hedimasta alimtazama mkwe wake. Akautazama mlango. Akalifunga sanduku haraka haraka.

"Tangulia wewe dirishani, mwanangu," alisema. "Nitakupitishia sanduku, halafu univute. Goti langu ni bovu."