Milimita ya Ishirini

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, manyunyu yakiendelea. Kwa sheria, makasha ya mbegu ya kijiji yalifunguka yenyewe pale tu mvua ilipoandikwa masika, yaani milimita ishirini. Pungufu ya hapo iliitwa rasharasha.

Namsifu, mpimaji wa mvua, alisoma kumi na tisa kwenye kipimo.

“Andika ishirini, mwanangu,” alisema mama mkwe wake, Nakiete. “Upepo wa kusi umechelewa, na milima inatuzuilia mvua. Haitazidi hapo.”

“Ikikatika, mama, mbegu zitakauka. Hatupewi nyingine.”

“Basi tutatafuna kasha?”

Namsifu aliandika ishirini. Makasha yote yakafunguka.

Nakiete alikwenda kupanda. Majirani, waliomwamini mpimaji wao, walipanda pia. Namsifu alimwaga maji ya kipimo, akabaki akitazama mawingu yakitawanyika.