Sauti ya Nne

Katika duka la fundi Haidari, mnunuzi hufumba macho. Fundi huweka santuri, akaunganisha kisanduku kimoja cha kukuza sauti ya sindano, kisha cha pili, na sikio huachiwa lichague lenyewe, lisije likadanganywa na wingi wa vitufe.

Shebwana alikwisha kufumba. Mkewe, Mwanakheri, alikuwa macho wazi, ameung'ang'ania ukingo wa meza.

Kisanduku cha kwanza kilitoa kiitikio kama uji, sauti zote zimevurugika pamoja.

"Umo humo, Mama Nuru," Shebwana alisema kwa fahari. "Ila sikutambui."

"Hiki kinatosha, Baba Nuru. Tuchukue, twende zetu."

"Subiri kidogo, mama," fundi alisema, akihamisha waya. "Hiki cha pili hutenga kila sauti peke yake."

Miaka thelathini Mwanakheri amemwambia mumewe kwamba waitikiaji wa wimbo wa santuri ile ni yeye na wenzake watatu. Hakuwahi kumwambia kwamba siku ya kurekodi, sauti ilimkauka, akachezesha midomo tu.

Sindano ikashuka. Fidla ikapanda, kisha kiitikio kikafunguka, kila mwanamke mahali pake. Shebwana akaanza kuwahesabu kwa vidole: gumba, cha shahada, cha kati.

Kidole cha pete kikainuka nusu, kikasita hewani.

Macho yake bado alikuwa ameyafumba. Kiitikio kilikuwa kinarudi. Mwanakheri akaiachia meza, akavuta pumzi ya kuimba.