Mlio wa Saa Kumi na Mbili

"Usiguse hiyo saa!" Mwalimu Alois alifoka, na fundi Sayi akarudisha mkono kama aliyeshika sufuria ya moto.

Jamani, saa tu! Sayi alikuwa ameshinda na betri ya ile Corolla kuukuu, akaichaji, akaifunga, na sasa saa ya kwenye dashibodi ilikuwa imerudi sifuri, inapepesa. Alitaka kuiweka sawa kwa kutazama simu yake, amalize, aondoke zake. Yeye mtu wa Choma, mgeni kabisa hapa Tabora mjini, na tabia za wateja wake bado alikuwa anajifunza.

"Simu yangu iko sawa, mwalimu."

"Simu zinakwenda zinavyotaka. Saa ya gari hili inawekwa kwa redio. Redio haikosei."

Mzee akaingia, akakaa nyuma ya usukani, akaanza kuminya vitufe. Sayi alichungulia dirishani. Gari la mtu nadhifu: rozari kwenye kioo, kitambaa cha kufutia vumbi, kalamu imechomekwa juu karibu na taa. Mwalimu hata akistaafu haachi kalamu, Sayi akajisemea.

Redio ikakwaruza, kisha sauti ya msichana ikajaa garini, changamfu hasa.

"Shikamooni wazee wangu, popote mlipo!"

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu, wala hakuwa anatania.

Sayi akabana kicheko. Msichana akaendelea: mvua kubwa inatarajiwa Nzega, Puge, hadi Tabora mjini, wananchi wachukue tahadhari. Sayi akainua macho. Tumbaku ilishavunwa zamani, mbinguni hakuna hata wingu la kuazima, na vumbi la kiangazi limelala juu ya mapaa. Watabiri hawa nao! Mara huko redioni mfuniko wa sufuria ukaanguka kwaa, na mwanamke mwenye mkwaruzo kooni akacheka.

"Studio gani hii, mwalimu? Wanasonga ugali humo?"

"Nyamaza!" Kidole cha mzee kilikuwa juu ya kitufe cha saa, kinangoja mlio wa redio. Tu. Tu. Tu. Tuuu. "Sasa ni saa kumi na mbili kamili jioni," msichana akasema, na mzee akabonyeza. Simu ya Sayi ilikuwa haijafika huko bado, lakini nani abishane na mwalimu?

Mzee akazima redio, akashusha pumzi.

"Huyo ni binti yangu, Advera. Akimaliza kusoma habari anatoka, namchukua. Sitaki kuchelewa tena."

"Uliwahi kuchelewa?"

"Siku moja. Saa hii ilikuwa nyuma, mimi nikaiamini. Kufika, ameshapanda bodaboda, na mvua ile, barabara inateleza."

"Akakununia?"

"Hakusema neno tena," mzee akajibu, akashuka, akaenda ndani kuchukua koti.

Mkewe, Mama Bernadeta, alikuwa amesimama barazani muda wote huo. Mumewe alipompita tu, akaja haraka garini.

"Fundi, mwanangu, hiyo redio huwezi kuiua?" Sauti yake ilikwaruza.

"Kuiua, mama?"

"Mwambie imekufa. Wewe atakuamini. Mimi haniamini."

Sayi alikasirika, tena sana. Mtu mzima huyu, anamwonea mumewe wivu kwa mtoto wake wa kumzaa!

"Nikiiua, mama, atajuaje muda wa kumfuata dada? Unataka dada alale getini?"

"Wewe si mtu wa hapa," Mama akasema. Alitaka kuongeza, lakini mzee alishatoka, amekumbatia koti la mvua la kike, la njano. Mama akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Gari likawaka kwa kubembelezwa. Mzee akamwomba Sayi waende wote, betri isije ikawaumbua njiani. Sayi alipanda kwa moyo mmoja. Alishaamua: leo baba huyu atamwahi mwanawe, hata ikibidi kulisukuma gari. Na ili kumchangamsha akasema, "Kaza mwendo, mwalimu! Chelewa chelewa utakuta mwana si wako."

Mzee hakucheka. Alikanyaga mafuta, macho kwenye saa kuliko barabarani, na Sayi akajuta kufungua mdomo.

Walifika kwenye geti la kituo cha redio jua likiwa bado lipo. Watangazaji wakaanza kutoka, wanapiga soga. Walipoliona lile gari wakapunguza sauti, wakapita upande wa pili. Mlinzi akatoka wa mwisho. "Shikamoo, mwalimu," akasema huku ametazama chini, kisha akavuta geti, akatia kufuli.

"Mbona anafunga?" Sayi akauliza. "Dada si bado yumo?"

"Leo tumewahi mno," mzee akasema. Alikuwa na furaha, furaha ya kweli, akilikunjua koti la njano mapajani. "Saa imekimbia. Tuiweke upya."

Akaminya kitufe pembeni mwa redio, na kaseti ikachomoza. Akachomoa ile kalamu pale juu, akaitia kwenye tundu la kaseti, akaizungusha kurudi nyuma, taratibu, kama mtu ambaye mkono wake umeshazoea. Kisha akairudisha ndani.

Advera akawaamkia wazee wake popote walipo, akawatangazia mvua. Mfuniko wa sufuria ukaanguka kwaa, na Mama Bernadeta akacheka.