Nyuzi Juu ya Kichwa

Kabla ya alfajiri nilisikia brashi ikigonga kikombe jikoni. Nikashuka ngazi.

Mume wangu Cyril, aliyewahi kurusha vikaragosi vya kuchezeshwa kwa nyuzi hadi mwezini kwenye televisheni, watoto wa Uingereza nzima wakitazama, alikuwa akikoroga rangi ya kijivu ndani ya kikombe cha chai. Tangu baridi ianze alikuwa hanitambui tena.

"Simama hapohapo," aliniambia. "Nyuzi zako zinaonekana. Kamera itatuumbua."

Zamani ndivyo tulivyoficha nyuzi za vikaragosi: tulizipaka rangi ya ukuta ulio nyuma yao.

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mkewe. Lakini mara ya mwisho nilipomwambia, alilia hadi mchana.

Nikasimama, mikono ikining'inia.

"Na usitikisike kama uji, bibi wee!"

Akapaka hewa juu ya kichwa changu taratibu, asinidondoshee hata tone. Kisha akapuliza ili ikauke.

"Haya. Sasa hauonekani hata uzi mmoja."

"Ahsante, bwana."

Akanivutia kiti, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake.

"Uje tena kesho, mama. Mke wangu bado hajarudi, na nyumba imepoa mno."