Mazishi ya Deni

Umewahi kuona deni likizikwa? Katika mji mmoja, deni hulipwa kidogo kidogo mpaka life, kisha karatasi yake hufukiwa mbele ya majirani.

Miaka mitatu Bi Tausi alilipia cherehani, na miaka yote hiyo Mzee Shebwana, aliyemkopesha, alishonewa nguo bure. Bi Tausi angekataa, angenyang'anywa cherehani. Leo alitoa shilingi ya mwisho, akaifukia karatasi, akakanyaga udongo kwa visigino vyote viwili. Wanawake wakapiga vigelegele.

“Haya, limekufa,” alisema Mzee Shebwana, akimtupia suruali. “Nipunguzie kiuno, binti yangu.”

Bi Tausi aliikunja vizuri, akamrudishia, akasema alilolimeza siku zote:

“Shilingi kumi, Mzee. Na unalipa kwanza.”