Msalaba Uliopinda

Maji ya chai yalikuwa yanachemka Mama Rejoice alipofungua kopo la mwisho la maziwa ya unga, lile lililotumika kidogo Krismasi likarudishwa kabatini. Tangu baridi ya Njombe ianze kuuma, maziwa mabichi yalikuwa yamepanda bei. Kwa akiba ya makopo kama hili alikuwa amepika uji, chai na maandazi miezi miwili bila kununua hata lita moja.

Kijiko kikasimama hewani.

Kila alipofunga kopo, alisawazisha unga kwa mgongo wa kijiko, akachora msalaba kwa njiti ya kiberiti ili mlambaji ajulikane. Msalaba huu haukuwa wake. Ulikuwa umepinda, umechorwa kwa kidole chembamba, na pembeni palikuwa na kishimo kilichofukiwa harakaharaka.

Mwizi wake, Rejoice, alikuwa Makambako tangu Januari, kwa shangazi yake asiye na mtoto. Mama mwenyewe ndiye aliyemfungia begi, akamwambia, "Usilie, kwa shangazi kuna kila kitu."

Aliinamia kopo. Akaufuata mchoro ule kwa kidole, juu hadi chini, bila kuugusa.

"Mama Rejoice, chai bado?" mumewe aliuliza kutoka sebuleni.

Akarudisha kifuniko, akakikandamiza kwa kiganja mpaka kikakaza.

"Leo utakunywa ya rangi, Baba Rejoice," alisema. "Haya maziwa yana mwenyewe."