Kengele ya Mfadhili

Mpiga kengele aliupeleka ufunguo kwenye kitasa cha mnara mara tatu, na mara zote tatu ukagonga pembeni ya tundu. Nyuma yake Mfadhili alisubiri, koti zito mwilini japo jua la saa tano lilikuwa likichoma.

"Polepole tu, mzee," alisema Mchungaji kwa bashasha. "Kengele haikimbii."

Mpiga kengele alitamani ardhi ipasuke immeze. Kengele ilikuwa imekwisha kimbia, mwaka wa saba sasa.

Kosa lilikuwa lake peke yake. Jumapili moja kamba ilikatika, ibada ikiwa imekaribia, naye kwa kuogopa kuchelewa akaipiga kengele kwa nyundo. Ikapasuka kutoka ukingoni hadi juu. Hakumwambia mtu ila mkewe. Mahali pa kengele akaning'iniza rimu ya gurudumu la lori, na tangu hapo akawa anaigonga roho mkononi. Wiki ile ile mwalimu wa kwaya alimshika bega akamwambia, "Kengele yetu siku hizi imepata sauti ya kiume!" Akacheka naye, jasho likimtiririka mgongoni.

Hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna aliyepanda. Hilo lilikuwa sharti la Mfadhili mwenyewe tangu siku alipoileta: mnarani apande mtu mmoja tu, na ufunguo akae nao huyo huyo. Nani angembishia? Mabati ya kanisa aliyatoa yeye, mabenchi yeye, sakafu yeye, hata tangi la maji, na kila kimoja kilikuwa na kibao kidogo cha shaba chenye jina lake. Kengele tu ndiyo hakutaka iwekewe kibao. Waumini waliusifu sana unyenyekevu wake.

Sasa Askofu alikuwa anakuja kwa sherehe ya miaka hamsini, na Mchungaji alitaka kengele ishushwe, ing'arishwe, iwekwe mbele ya madhabahu watu waione. Mfadhili alipopata habari hizo alifunga safari siku hiyo hiyo. Aliomba aione kwanza huko huko juu, yeye na mpiga kengele tu.

"Mwambie ukweli kabla hajafika juu," mkewe alikuwa amemsihi asubuhi, akimfunga vifungo vya shati. "Nyumba hii ni ya kanisa, mume wangu. Tukitolewa, kwa uzee huu, tutakwenda wapi?"

Kitasa kikafunguka. Wakapanda wawili, Mchungaji akabaki chini. Mfadhili alipumua kwa shida, na kitu fulani mfukoni mwa koti lake kilikuwa kikigonga ukuta kila walipokata kona.

"Mzee..." alianza mpiga kengele katikati ya ngazi.

"Umewahi kuisafisha kwa ndani?" Mfadhili aliuliza ghafla.

"Hapana, mzee."

"Ile rangi nyeusi ya ndani haijabanduka?"

Mpiga kengele aliikumbuka rangi ile, nzito kama lami. Siku ilipoletwa, kabla haijapandishwa, watu walitania kwamba kengele imevaa fulana. "Sijui, mzee," alijibu, na hofu ikamzidi. Mtu anayeulizia hata rangi atakubali vipi kuonyeshwa rimu ya lori?

"Na hakuna mwingine aliyewahi kupanda huku?"

"Hakuna."

Wakafika. Rimu ilikuwa ikining'inia palepale, imejaa kutu na kinyesi cha njiwa. Mfadhili aliitazama, akaizunguka, akatazama hata nyuma yake. Mpiga kengele alipiga magoti vumbini.

"Nisamehe, mzee wangu. Niliipasua mimi. Niliogopa, nikaivunja vipande, nikavibeba kidogo kidogo ndani ya gunia hadi kwa wayeyusha vyuma."

"Vyote?"

"Vyote."

"Uliviona vikiyeyuka?"

"Kwa macho yangu haya. Hakikubaki hata kipande."

Mfadhili aliketi chini kando yake. Machozi yalikuwa yakimtoka. Mpiga kengele alifumba macho, akamwona mkewe amesimama barabarani na masufuria yao.

"Mnaionaje huko juu?" Mchungaji alipaza sauti kutoka chini.

Mpiga kengele alihisi kitu baridi kikiwekwa mikononi mwake, akafumbua macho. Ilikuwa tupa mpya ya kusagia chuma, bado imo kwenye karatasi ya dukani.

"Kaa nayo, ndugu yangu, mimi sina kazi nayo tena," alinong'ona Mfadhili. "Nilikuja kulifuta jina la kanisa nilikoiiba kengele ile."